Kutoka Homa Bay Hadi Migori: Nchi ya Miti ya Kale na Kuta za Mawe

Wahenga walisema, "Tembea uone." Walisema kweli, lakini hawakusema kwamba ni lazima mtu aende mbali. Wengi wetu tukaao Nyanza, tukipata likizo na nauli, huelekea Mombasa. Tukirudi twawasimulia jamaa habari za Ngome ya Yesu na mawimbi ya bahari, na watoto hukesha wakisikiliza. Jambo hili si baya. Lakini mwulize msimulizi huyo habari za Thimlich Ohinga, mahali palipo mwendo wa nusu siku tu kutoka nyumbani kwake, nawe utamwona akikuna kichwa.

Kwa sababu hiyo makala haya yatamchukua msomaji katika safari ya kando ya Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, kuanzia mji wa Homa Bay hadi mji wa Migori. Safari yenyewe si ndefu, lakini yapita katika mambo ya zamani sana, mengine ya kale kuliko mwanadamu mwenyewe. Na tukiwa njiani tutajiuliza swali moja: Ni nini kilichovilinda vitu vizuri vya nchi hii hata vikatufikia sisi? Na ni nini kitakachovilinda kesho?

MJI WA HOMA BAY

Homa Bay umekaa upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, ambayo ramani za zamani ziliiita Ghuba ya Kavirondo. Mgeni afikapo kwa mara ya kwanza huvutwa macho na kilima cha Asego, kilichochongoka juu ya mji kama paa la nyumba ya msonge. Nyuma ya nyumba za mji yaonekana maji, na ng'ambo ya ghuba ndogo, upande wa kaskazini-mashariki, Mlima Homa wenye kimo cha mita 1,751 kutoka usawa wa bahari.

Saa iliyo nzuri kuliko zote hapa ni alfajiri. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku, wakiwasha taa juu ya maji ili wale samaki wadogo wavutwe na mwanga. Mtu akisimama ufukoni usiku usio na mwezi huziona taa hizo zimetapakaa mbali, akadhani ni mji mwingine uliojengwa ziwani. Jua likichomoza mashua hurudi, na wanawake huipima omena kwa debe na gorogoro, kisha huianika juani juu ya nyavu kuukuu. Harufu yake humfikia msafiri kabla hajauona ufuko.

Zamani maji ndiyo yaliyokuwa barabara ya nchi hii. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na baada ya hapo meli zilianza kuzunguka ziwa zikibeba watu, barua, pamba na ngozi. Meli moja katika hizo ilipewa jina la Rusinga, kisiwa ambacho tutakifikia baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 20 ofisi ya serikali ya sehemu hii ya kusini ilikuwa Karungu, bandari ndogo karibu na mpaka. Kisha ikahamishiwa Kisii. Baadaye Homa Bay ukawa makao makuu ya Wilaya ya South Nyanza. Tangu mwaka 2013, kwa kufuata Katiba ya mwaka 2010, nchi hiyo ya kale imegawanyika kuwa kaunti, na mbili katika hizo ni Homa Bay na Migori. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kila moja ina watu zaidi ya 1,100,000.

Wingi huu wa watu msomaji na auweke moyoni, kwa maana tutaurudia.

MLIMA HOMA NA VIGINGI VILIVYOPOTEA

Mlima Homa ni volkano iliyozimika zamani, lakini joto lake halijaisha kabisa, kwani hata leo ziko chemchemi za maji ya moto miguuni pake. Katika makorongo ya rasi hii mvua imekata ardhi na kuifunua, tabaka juu ya tabaka, kama mtu afunuaye kurasa za kitabu.

Mwaka 1932 Louis Leakey alichimba hapa, mahali paitwapo Kanam na Kanjera. Huko Kanam akapata kipande cha taya ya mtu, akatangaza kwamba ni cha zamani mno. Mtaalamu mmoja wa miamba, Profesa Boswell, alikuja kutoka Uingereza mwaka 1935 ili aonyeshwe mahali penyewe. Leakey hakuweza kupaonyesha kwa hakika. Alikuwa ameweka vigingi vya chuma viwe alama, lakini vigingi havikuwapo tena. Alieleza kwamba watu wa hapo walikuwa wamevichukua, maana chuma ni mali kwa mvuvi. Basi Boswell akarudi kwao akaandika kwamba habari ile haiwezi kusadikiwa, na jina la Leakey likapata doa kwa miaka mingi.

Hatuwezi kuwalaumu wale wavuvi. Hakuna aliyewaeleza kwamba chuma kile kina kazi gani. Walikiona chuma kimesimama bure, wakakipa kazi. Lakini hapo twaona jambo la kwanza la safari yetu, nalo ni hili: kitu kisichojulikana maana yake na wenyeji hakina mlinzi, hata kikiwa na thamani kubwa namna gani.

Siku hizi habari za rasi hii zimesadikiwa tena, na zaidi. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba mahali paitwapo Nyayanga, kwenye rasi iyo hiyo, wamepata mawe yaliyochongwa kwa makusudi, yenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Pamoja nayo ilikuwapo mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa nyama. Kwa maneno mengine, kazi ya kuchinja na kugawana nyama ufukoni mwa nchi hii ni ya kale kuliko sisi wenyewe.

ZIWA LA SIMBI

Kabla ya kuuacha upande huu, msafiri na afike karibu na Kendu Bay, akalitazame ziwa dogo la Simbi Nyaima. Ni la mviringo, na maji yake ni ya kijani na ya magadi, wala hayana samaki. Nyakati nyingine heroe hulijia kwa wingi, na ukingo wa ziwa hugeuka rangi ya waridi.

Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu walipokuwa katika karamu ya pombe na ngoma, alitokea bibi kizee mnyonge akaomba chakula na moto wa kujipasha. Wakamfukuza. Ni mwanamke mmoja tu aliyempokea. Yule kizee akamwambia achukue watu wake waondoke mara moja; na walipokwisha kuondoka mvua kubwa ikanyesha, kijiji kikazama pamoja na watu na ng'ombe. Ndiyo maana pakaitwa Simbi iliyozama.

Wenye elimu ya miamba hutueleza kwamba ziwa hili ni tundu la volkano. Maneno haya mawili hayapigani. La kwanza lafundisha wema kwa mgeni, na la pili lafundisha mambo ya ardhi. Lakini ni lile la kwanza lililowafanya watu kwa vizazi vingi wapaheshimu mahali hapa. Waliogopa, na kwa kuogopa hawakupachezea.

MSITU WA MAWE KISIWANI RUSINGA

Kutoka Homa Bay barabara yafuata ziwa upande wa magharibi hadi Mbita, na hapo daraja latuvusha mpaka Rusinga. Wengi huja kisiwani kwa ajili ya kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akazikwa katika ardhi ya wazee wake. Ni vema kufanya hivyo. Lakini chini ya miguu yao pana makumbusho mengine ambayo wachache wanayajua.

Iko miti huko California, magharibi ya Marekani, iitwayo redwood. Huota katika ukanda wa pwani wenye ukungu, na ndiyo mirefu kuliko miti yote duniani. Mingine hupita mita 100, na mingine ina umri zaidi ya miaka 2,000. Watu hutoka nchi za mbali, wakatumia fedha nyingi, ili wasimame tu chini yake na kutazama juu. Sisi Rusinga tunao msitu wa kale kuliko huo, nao umesimama katika mawe.

Yapata miaka milioni 18 iliyopita, volkano kubwa ambayo wataalamu huiita Kisingiri ilikuwa ikitoa moto na majivu. Mabaki yake ndiyo vilima vya Gwassi na Gembe tuvionavyo leo. Majivu hayo yaliufunika msitu wa wakati ule. Mashina, mizizi na majani yalizikwa, na mahali pake pakajaa udongo uliogeuka kuwa jiwe. Mwaka 2014 wataalamu walieleza kwamba wamekuta Rusinga alama za mashina na mizizi mahali pale pale ilipoota, wakapima nafasi kati ya mti na mti, wakatambua kwamba ulikuwa msitu mnene ambao matawi yake yalishikana juu na kuzuia jua.

Katika msitu huo aliishi mnyama wa jamii ya sokwe, asiye na mkia. Fuvu lake liligunduliwa hapa Rusinga na Mary Leakey mwaka 1948, na habari zake zikaenea ulimwenguni kote kwa jina la Proconsul. Tena mwaka 1951 mifupa zaidi ilipatikana ndani ya jiwe la mviringo lililosimama wima. Hapo kwanza ilidhaniwa kuwa ni shimo tu katika mwamba. Baadaye ikafahamika kwamba ni umbo la shina la mti lililokuwa na uwazi ndani, na wanyama wale walikuwa ndani yake. Mti ulikwisha kuoza miaka mingi mno iliyopita, lakini umbo lake limebaki likiwa limeishika mifupa.

Mwaka 2015 wataalamu waliwapa wanyama wale wa Rusinga jina jipya, Ekembo. Neno hili si la Kizungu wala la Kilatini. Ni neno la Kisuba, lugha ya wenyeji wa visiwa hivi, lenye maana ya nyani au sokwe. Na hapa pana jambo la kusikitisha kidogo: watoto wengi wa Wasuba siku hizi hukua wakisema Kijaluo, na Kisuba kimo katika hatari ya kusahauliwa. Mnyama aliyekufa miaka milioni 18 amepewa jina la Kisuba litakalodumu vitabuni. Je, watoto wa visiwa hivi watapata wapi mtu wa kuwaeleza maana yake?

MICHORO YA MFANGANO

Kutoka Mbita mashua huenda Mfangano, kisiwa cha milima, chenye miti mingi kuliko Rusinga. Wasuba husimulia kwamba wazee wao walitoka upande wa Uganda kwa mitumbwi, wakitoroka ugomvi wa ufalme, wakakaa visiwani humu na katika vilima vya Gwassi. Lakini walipofika waliwakuta wengine wamewatangulia, au angalau waliziona kazi za mikono yao.

Katika mapango ya Mawanga na Kwitone kuna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe, duara ndani ya duara, na nyingine yenye miale kama jua. Yaaminiwa kuwa ni kazi ya Watwa, watu wa kuwinda walioishi msituni. Wasuba waliokuja baadaye hawakuifuta. Waliiona kuwa ni kitu chenye nguvu, wakaihusisha na mvua, wakaweka miiko kwamba mtu asipaendee ovyo. Hata majina ya waliochora yaliposahauliwa, michoro yenyewe ikadumu kwa sababu ya miiko ya wageni waliorithi mahali pao.

Siku hizi kijana aliyesoma haogopi mwiko. Kipande kimoja cha mkaa mkononi mwake, na hamu ya kuandika jina lake ukutani, vyatosha kuharibu katika dakika moja kitu kilichostahimili mamia ya miaka. Kwa hiyo inafaa kuwasifu watu wa Mfangano wenyewe walioanzisha makumbusho ya Abasuba, ili mgeni afikapo apate kuongozwa na kuelezwa, na kijana wa hapo ajue kwamba mali hii ni yake.

BONDE LA LAMBWE NA MLINZI ASIYEPENDWA

Turudi bara, tushuke katika Bonde la Lambwe. Hapa ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye eneo la kilomita za mraba 120. Ni nchi ya majani marefu na migunga, imezungukwa na vilima. Twiga wapo, na nyati, na baadaye faru wakaletwa. Kati ya Aprili na Septemba huja pia mbayuwayu wa buluu, ndege mdogo adimu, akitoka kusini mwa Afrika ambako huzaa.

Swali ni hili: katika nchi yenye watu wengi namna hii, bonde hili limebakije bila mashamba? Jibu ni mbung'o. Inzi yule aliwaua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale, na wakulima waliojaribu kukaa walihama au walizika jamaa zao. Serikali ya kikoloni ilikata vichaka na kujaribu njia nyingi za kumwondoa. Mwaka 1966 bonde likafanywa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 likawa Hifadhi ya Taifa. Mbung'o alikuwa adui wa watu, wala hakuna mtu wa akili ambaye angetamani arudi. Hata hivyo ni kweli kwamba alikuwa mlinzi, ijapokuwa mlinzi asiyependwa.

Mbung'o sasa amepunguzwa sana, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini tazama hesabu moja. Ruma ndiko alikobaki yule mnyama aitwaye korongo, wa jamii ya palahala, mkubwa kama farasi mdogo, mwenye pembe zilizopinda nyuma na uso wa rangi nyeusi na nyeupe. Hakuna mahali pengine katika Kenya ambapo wamebaki porini. Hesabu ya wanyama wa nchi nzima ya mwaka 2021 iliwakuta 15 tu. Darasa moja la shule ya msingi lina watoto wengi kuliko hao. Mitego ya waya, mbwa wa wawindaji na moto wa majani vimefanya kazi ambayo mbung'o hakuifanya.

THIMLICH OHINGA

Sasa tumefika mahali ambapo safari yetu ilikuwa ikielekea tangu mwanzo. Thimlich Ohinga ipo katika Kaunti ya Migori, kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Jina lenyewe ni habari kamili. Kwa Kijaluo, thim lich ni msitu mnene wa kutisha, na ohinga ni boma. Ni boma la msitu wa kutisha.

Msomaji na afikirie kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji, wala jiwe halikuchongwa. Kimo chake ni kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wake ni kama mita moja. Mafundi walipanga mawe makubwa nje na ndani, wakajaza madogo katikati, hata yakashikana kwa uzito wake na kwa akili ya aliyeyapanga. Milango ni mifupi, ili adui aingiaye ainame na kichwa kitangulie. Na mwenye rungu ndani alijua la kufanya. Ndani mlikuwa na nyumba na mazizi, na nje palikuwa na mahali pa kufua chuma. Juu ya mwamba mmoja vimo vitundu viwili viwili vya bao, mchezo ambao Wajaluo huuita ajua. Mtu akiviona vitundu hivyo huwaelewa wenyeji wale mara moja, kwamba hata wakati wa hofu walipata nafasi ya kucheza.

Kuta hizi yafikiriwa zilijengwa kama karne ya 16. Si za pekee: katika nchi hii ya kusini mabaki ya maboma ya namna hiyo yamehesabiwa zaidi ya 500, katika mahali 138. Lakini Thimlich ndiyo iliyohifadhika kuliko zote. Waliozianza walikuja na kuondoka. Wakaja wengine, na baada yao wengine tena, Wabantu na Wajaluo, na kila waliofika walizikuta kuta zimesimama. Hawakuzibomoa ili wajenge zao. Walizitengeneza palipoanguka, wakakaa. Mabaki ya mwisho ya ukaaji yaliishia katika karne ya 20, wakati vita vya koo vilipokoma na watu wakaona kwamba boma la mnyaa latosha kuzunguka nyumba.

Mwaka 1981 serikali ilipatangaza kuwa ni kumbukumbu ya taifa. Mwaka 2018 UNESCO ikapaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, na Thimlich ikawa ya saba kwa Kenya kupata heshima hiyo, ikikaa katika orodha moja na ile Ngome ya Yesu ambayo twaisafiria mbali.

Lakini ukuta wa mawe yasiyo na saruji ni kama urafiki: wahitaji kuangaliwa mara kwa mara. Mizizi ya mti husukuma jiwe moja, ng'ombe hujikuna penye jiwe la pili, mtu akihitaji jiko huchukua la tatu. La nne huanguka lenyewe. Zamani msitu wa kutisha uliwazuia wachukuaji. Msitu wenyewe leo haupo tena kama ulivyokuwa, na hakuna mtu anayetishika.

MIGORI NA KUNI ZAKE

Kutoka Thimlich twashuka hadi mji wa Migori, penye mto wa jina hilo hilo, kwenye barabara kuu iendayo Isebania na Tanzania. Ni mji wa biashara na wenye haraka. Wajaluo, Wakuria, Wasuba, Waluhya, Wakisii, Wasomali na Wahindi wote wana maduka au mashamba hapa na pale. Kaunti yake ina miwa ya Awendo, tumbaku, mahindi, na dhahabu. Mgodi wa Macalder ulitoa shaba na dhahabu hata ulipofungwa mwaka 1966, na mpaka leo wachimbaji wadogo hushuka mashimoni kwa kamba na tochi.

Haya yote ni riziki, na mtu hawezi kumwambia mwenye watoto sita kwamba asitafute riziki. Lakini kila riziki hizi hula miti. Tumbaku hukaushwa kwa kuni. Mashimo ya dhahabu hushikiliwa kwa nguzo. Mkaa hupakiwa katika malori kwenda mijini. Vilima vya Gwassi, ambavyo mito yake huinywesha nchi ya chini, vimepungukiwa msitu mwaka hata mwaka, na mvua ikinyesha udongo mwekundu hushuka ziwani. Mvuvi wa Homa Bay akiona maji yamekuwa mekundu, anaona shamba la ndugu yake wa mlimani likipita.

Tusidhani kwamba ni sisi peke yetu tuliokosa hivi. Ile miti ya California niliyoitaja ilikatwa mbao tangu karne ya 19, hata katika msitu wa kale ikabaki kama mti mmoja katika kila 20. Ndipo watu wakashtuka, na mwaka 1968 serikali ya Marekani ikaweka hifadhi. Walichelewa, lakini kilichobaki kikapona. Na miji midogo ya pwani ile iliyokuwa ikiishi kwa msumeno ikajifunza kupokea wageni.

NANI ATAKAYELINDA?

Sasa turudi kwenye swali letu. Simbi ililindwa na hadithi ya laana. Michoro ya Mfangano ililindwa na miiko ya mvua. Lambwe ililindwa na mbung'o. Thimlich ililindwa na msitu wa kutisha. Karibu kila kitu kizuri tulichokiona njiani kililindwa na hofu.

Hofu hiyo imekwisha. Shule, dawa na barabara zimeiondoa, na hakuna atakayeililia. Lakini mlinzi wa zamani akistaafu, lazima aajiriwe mwingine. Ukimwacha mlango wazi huwezi kumlaumu mwizi peke yake.

Huko pwani ya bahari, wazee wa Wamijikenda walizilinda kaya zao, misitu iliyozunguka makazi ya mababu, kwa miiko mikali. Miiko ilipolegea misitu ikaanza kuliwa. Lakini wazee wakashirikiana na serikali na wasomi, na mwaka 2008 kaya hizo zikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwiko ulibaki, ila sasa umesaidiwa na sheria na maarifa. Hayo yaweza kufanyika Nyanza pia.

Si kazi ya serikali peke yake, wala haihitaji fedha nyingi kuanza. Mwalimu na awapeleke watoto Thimlich kabla ya kuwapeleka Mombasa. Karani ajuaye kuandika na akae na bibi yake jioni moja, aandike majina ya miti na vilima kwa Kijaluo na Kisuba, maana kitu chenye jina hakichukuliwi ovyo. Mkulima aliye karibu na boma la kale na aliache jiwe mahali pake, na likianguka awaambie wanaohusika. Mwenye kukausha tumbaku na apande miti yake ya kuni mwenyewe, aache ya mlimani. Na mwenye kutega waya Lambwe na akumbuke ile hesabu ya 15, kwamba akimla mmoja amekula sehemu ya kumi na tano ya korongo wote wa nchi hii.

Waliojenga Thimlich hatujui majina yao. Lakini waliokuja baada yao, ambao hawakuwa watoto wao wala wa kabila lao, walipokuta jiwe limeanguka waliliinua. Kwa sababu hiyo tu kuta zile zimesimama miaka kama 500. Leo sisi ndio tuliokuja baada yao.

Basi, ndugu msomaji, likizo ijayo uchukue watoto. Uanze alfajiri ufukoni Homa Bay, mashua za omena zikirudi, na jua lisitue kabla hujapita, kwa kuinama, katika mlango mfupi wa Thimlich Ohinga.